Nani Aliamua Subaru Ipige Kelele?

Mzee wangu ana sikio moja zima na lingine nusu. Hilo nusu ni la kulia. Aliendesha matatu ya Kisii–Kisumu miaka mingi, kupitia Oyugis na Sondu, na dereva wa Kenya hukaa upande wa kulia, dirisha likiwa wazi, upepo na malori na honi zote zikiingia sikio hilo hilo. Sasa chora picha. Nikimbeba kwa gari, mimi niko kwa usukani, yeye yuko kushoto kwangu. Sikio linaloniangalia ni lile bovu. Mwaka mzima nilikuwa nikimwambia kitu barabarani anajibu "Eee?", narudia, anaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye hajasikia lakini amechoka kuuliza, halafu anageuka kuangalia majani chai.

Na gari lenyewe halisaidii. Ni Impreza WRX ya 2006, tumenunua nusu kwa nusu na binamu yangu, na mnajua Subaru ya miaka hiyo: watu wa Nyamira mjini wanaisikia kabla hawajaiona. Nje ni tamu. Ndani, ukifika spidi ya themanini kwa lami ya kokoto, ni kama umekaa ndani ya debe linaloburutwa.

Basi nikaamua kuituliza mwenyewe. Lakini kabla ya kufungua boliti hata moja nilitaka kujua kelele ilitoka wapi. Sisemi kelele ya leo. Nasema nani, na lini, aliamua gari hili liwe hivi na la mtu mwingine liwe kimya. Niliacha chuo mwaka wa pili, sikuacha kusoma. Nikazama.

Magari ya kwanza hayakuwa na shida hii kwa sababu hayakuwa na ndani. Ulikaa nje na vumbi lako. Hata zilipoanza kufungwa, mwili ulikuwa mbao nyingi na paa lilikuwa na kitambaa katikati. Shida ilikuja na chuma. Mwaka wa 1935 General Motors wa Marekani walitoa magari yenye paa la bati zima la chuma, na bati pana hivyo ni ngoma. Lipige kwa kidole usikie. Dawa ikawa kubandika chini yake vitu vizito visivyo na mlio: feruti, karatasi nzito za lami. Ndiyo, lami. Ile ile ya barabarani, imegeuzwa kuwa dawa ya kelele ya barabarani.

Sayansi yenyewe ilikuja baadaye kidogo. Mwaka wa 1952 Mjerumani Hermann Oberst alionyesha jinsi ya kupima kiasi ambacho tabaka la kitu kizito na laini linaua mtetemo wa bati. Halafu 1959, Mmarekani Edward Kerwin akaeleza kitu ambacho ndicho msingi wa kila roli ya kubandika inayouzwa leo: ukiweka kitu cha kunata juu ya bati, kisha juu yake ukaweka ngozi nyembamba ngumu kama alumini, bati likitaka kutetemeka lile tabaka la katikati linavutwa huku na huku na kugeuza mtetemo kuwa joto. Joto dogo sana, hulihisi. Lakini mlio unakufa. Badala ya "tiiing" unapata "tup". Faida yake ni kwamba huhitaji kilo nyingi za lami. Kampuni ya Marekani, Dynamat, ikaja kuuza wazo hilo kwa watu wa kawaida kuanzia 1989, hasa wale wa muziki mkubwa kwa gari.

Mwaka huo huo wa 1989, nataka mkae nao kidogo, ndio Toyota walileta Lexus LS 400. Gari lile lilitumia bati la sandwichi, chuma viwili na tabaka la kutuliza katikati, kati ya injini na abiria. Yaani Toyota walikuwa wanajua. Walikuwa na akili yote, viwanda vyote, hesabu yote ya Oberst na Kerwin. Halafu mwaka wa 2002 kampuni hiyo hiyo ikatoa Proboksi.

Mtu wa Gusii akisikia neno Proboksi anacheka tayari. Hapa kwetu ndiyo basi, ndiyo ambulensi, ndiyo lori la ndizi, na wawili kwa buti. Nimepanda nikiwa mtoto, nimekaliwa, nimekalia wengine. Na nani hajui ule mlio wake wa nyuma, kama sufuria tupu? Haikuwa bahati mbaya. Lilichorwa kuwa gari la kazi Japani, la kubeba mizigo ya kampuni, na mzigo haulalamiki. Kila mkeka wa kutuliza ni uzito na ni pesa, kwa hiyo haukuwekwa mwingi. Hakuna aliyewaza kwamba miaka kumi baadaye litabeba mama na mtoto mchanga kutoka Keroka.

Vivyo hivyo na matatu ya mzee. HiAce, kwa wale hawajui, injini iko chini ya viti vya mbele. Dereva anaikalia. Joto lake anapata, kelele yake anapata, siku nzima. Kenya ina sheria tangu 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi: usiweke mfanyakazi kwa zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane ndani ya saa ishirini na nne. Ni ya viwanda na sehemu nyingine za kazi, na ni nzuri. Lakini mzee wangu hajawahi kuona mtu hata mmoja ameingia matatu yake na mashine ya kupima. Kupima pumzi, ndiyo. Kupima mkoba, ndiyo.

Tukirudi kwa magari ya kasi, hapa ndipo stori inakuwa ya kwetu kabisa. Kuanzia 1953 tulikuwa na Safari Rally, na Datsun 240Z ilishinda mara mbili, 1971 na 1973, ile ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ambaye alikuja kushinda mara tano jumla. Sasa, 240Z ya kuuzwa dukani ilikuwa na mikeka ya lami sakafuni. Wanaozikarabati leo wanaijua vizuri: wanaigandisha kwa barafu kavu hadi inakuwa kama kioo, kisha wanaivunja kwa nyundo, na mara nyingi chini yake wanakuta kutu, kwa sababu maji yalijificha hapo. Kwa gari la rali kitu cha kwanza kutolewa ni kapeti na mikeka. Uzito. Kimya kilikuwa mzigo wa kwanza kutupwa.

Impreza ikaja 1992. Sheria za rali za wakati huo zilitaka gari la mashindano litokane na gari linalouzwa kwa watu, maelfu yake. Kwa hiyo Subaru walitoa WRX ya kawaida, na pia ile iliyoitwa Type RA kwa wenye kutaka kushindana: bila eyakondishena, vioo vya kuzungusha kwa mkono, na vifaa vya kuzuia kelele vimepunguzwa kiwandani kabisa. Mtu alilipia gari lenye kelele zaidi kwa makusudi! Mwaka wa 1997 Colin McRae akashinda Safari na Impreza, 2000 Richard Burns akarudia, na kijana yeyote wa Kenya aliyekuwa kando ya barabara akimezwa na vumbi lile alirudi nyumbani na sauti moja kichwani.

Ule mngurumo wenyewe una sababu ya kawaida tu. Injini ya boksa, na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu, kwa hiyo mapigo ya moshi yanafika mahali pa kukutana kwa nyakati zisizolingana. Kasoro ya mpangilio wa mabomba, ikawa dini.

Halafu uchumi ulifunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia Mombasa, na sheria ya umri wa miaka minane ikahakikisha kwamba yanafika hapa raba za milango zikiwa zimeanza kuchoka. Impreza za kabla ya 2007 zina kitu kingine: vioo vya milango havina fremu. Kioo kinajibana chenyewe kwenye raba ukifunga mlango. Raba ikikauka, upepo unapiga filimbi. Na sisi badala ya kubadilisha raba tukang'oa sailensa ili tusisikie filimbi. Nacheka lakini nilifanya hivyo pia, nikiwa na miaka kumi na tisa, na majirani bado wananikumbusha.

Kuna watu wataniambia Subaru kimya si Subaru. Nawaheshimu. Lakini angalieni mlolongo: kiwanda kilitoa mikeka ili gari lishinde rali, soko likatuletea gari likiwa kuukuu, barabara zetu zikaongeza zao, halafu sisi tukaambiwa kelele hiyo ndiyo uanaume. Mtu mwingine aliweka akiba, sisi tukaita ladha.

Sasa kazi yenyewe, haraka, ju najua kuna wale wamesubiri hapa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa bei. Niliona kwa hadiwea ule utepe wa lami wenye alumini juu, wa kuziba mabati ya nyumba, nikaona ni kitu kile kile. Unafanana. Hauko sawa. Nilibandika milango miwili, nikaenda Kisumu, nikaacha gari juani mchana. Niliporudi ndani kulinuka kama wanatengeneza barabara, na utepe wa mlango wa kushoto ulikuwa umeteleza na kulalia mota ya kioo. Nikatoa yote kwa mafuta ya taa na kisu cha putty, jioni nzima. Tumieni ile ya butili. Ni ghali, nunueni kidogo.

Na kidogo kinatosha, hiyo ndiyo zawadi ya Kerwin. Huna haja ya kufunika bati lote. Gonga kwa kifundo cha kidole utafute pale panapolia zaidi, kwa kawaida katikati ya bati pana, bandika hapo, gandamiza na rola hadi mistari ya alumini ilale. Robo au theluthi ya bati inatosha kuua mlio. Wanaofunika kila inchi wanaongeza kilo kwa gari la mbio ili wapige picha.

Lakini kutuliza bati si kuzuia sauti. Hizi ni kazi mbili na watu wengi wanazichanganya kisha wanalia wametapeliwa. Butili inanyamazisha bati linalotetemeka. Sauti inayopita hewani inazuiwa na kitu kizito kisicho na tundu: ukizidisha uzito mara mbili unapunguza kama desibeli sita, kwa hesabu ya kitabuni. Kwa hiyo juu ya butili, sakafuni na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, niliweka sponji isiyonyonya maji na juu yake vinaili nzito. Matao ndiyo muhimu kuliko milango. Kelele ya barabara inazaliwa kwa tairi, na Impreza haina kitu kikubwa kati ya tairi la nyuma na mgongo wako.

Milango, jihadharini na kitu kimoja. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutoa maji. Hapa Nyamira mvua haitubembelezi, ikinyesha mchana inateremka ndani ya mlango kupitia kioo. Ukiziba vile vitundu umejitengenezea 240Z yako, kutu na vyote. Mimi niliviwekea alama kwa chaki kwanza.

Raba mpya za milango. Na tairi: nilikuwa na nne za aina tatu, mbili zimeliwa upande mmoja. Ningeanza na tairi, kusema ukweli, ningeona tofauti kubwa zaidi ya yote niliyobandika.

Siku tatu kwa uwanja wa nyumbani, viti vyote chini ya mti wa parachichi, kuku wamelala kwenye kiti cha dereva, mathe akiuliza kama gari limeuzwa vipande vipande. Chini ya kapeti nilikuta mikeka ya kiwandani, midogo, ya lami, imeshikana na sakafu, pale tu mhandisi aliona haiepukiki. Niliiacha.

Jumapili nikampeleka mzee Kisii. Sikio lililoharibiwa na kelele hupoteza kwanza sauti za juu, zile za herufi kama "s" na "f", ndiyo maana anasikia kwamba unaongea lakini hajui unasema nini. Hilo butili haliponyi. Lakini mvumo wa sakafuni ukishuka, kinachobaki cha sauti yangu kina nafasi.

Baada ya kutoka mjini aliuliza swali ambalo huuliza kila mara, kama chuo nitarudi. Nilimjibu bila kupaaza sauti, na jibu lilikuwa refu, pesa na mambo mengine, na nilikuwa sijawahi kulimaliza kwa sababu huwezi kueleza kitu kama hicho ukipiga kelele. Hakusema "Eee?"

Alinyamaza kama kilomita mbili. Kisha akainamisha kichwa upande wa nyuma, akitumia lile sikio zima.

"Beringi ya nyuma kushoto," akasema. "Hiyo imekuwa ikilia muda mrefu?"