Disney World: Jua Historia ya Laini Kabla Upange Safari

Wasee, hebu tafuta mtandaoni venye mtu hupanga safari yake ya kwanza ya Walt Disney World, ile ya Florida. Utaumwa na kichwa. Amka saa moja kamili ubuki. Lala kwa hoteli yao. Nunua pasi ya kuruka laini. Kila mtu anakupa masharti, na hakuna anayekwambia yalitoka wapi. Mimi naona hapo ndipo watu wanapoteza pesa. Ukijua historia ya hiyo bustani, unaanza kutofautisha ushauri unaokusaidia wewe na ule unaosaidia mfuko wao.

Kwangu hii si stori ya kujifurahisha. Anti yangu ni nesi huko Texas. Ana watoto wawili, siku nne za ofu, akiba aliyoiweka kwa jasho, na shosho aliyeenda kuwatembelea na magoti yake ya kusumbua. Kupanga nikapewa mimi, kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili na kwa familia yetu ati mimi ndiye "wa kushinda kwa simu". Sawa. Nikaanza na swali moja: hii kitu ilianzaje?

Ilianza California. Disneyland ilifunguliwa Anaheim tarehe 17 Julai 1955, na siku hiyo ilikuwa vurugu. Watu waliingia na tiketi feki. Lami mpya ililainika kwa jua, visigino vya kina mama vikazama. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma, kwa hivyo maji ya kunywa yalikuwa shida. Lakini biashara ilishika, tena sana. Kilichomuudhi Walt Disney ni kuona watu wengine wakijenga moteli nje ya ua wake na kukamua wateja wake.

Kwa hivyo Florida alienda kimya kimya. Kati ya 1964 na 1965 alinunua ardhi karibu na Orlando kupitia kampuni zenye majina ambayo hayakumtaja popote, mpaka akafikisha kama ekari 27,000. Oktoba 1965 gazeti la Orlando Sentinel likafichua mnunuzi ni nani, na bei ya ardhi iliyobaki ikapaa. Mkenya yeyote aliyeona bei ya ploti ikipanda lami ikitajwa tu anaelewa huo mchezo.

Hizo ekari ndizo zinaeleza ramani ya leo. Watu wengi wanadhani ni bustani moja. Ni nne: Magic Kingdom ya 1971, EPCOT ya 1982, ile inayoitwa sasa Hollywood Studios ya 1989, na Animal Kingdom ya 1998. Kutoka moja hadi nyingine unahitaji usafiri, na kati yao kuna hoteli zao wenyewe, ndio pesa ya kulala isitoke nje ya ua tena. Somo la kwanza: anayejaribu kumaliza zote kwa siku nne na shosho wa magoti anatafuta mgonjwa.

Sasa tuje kwa laini. Walt alikufa Desemba 1966 kabla hajaona kitu. Kaka yake Roy ndiye aliyefungua tarehe 1 Oktoba 1971. Kuingia kwa mtu mzima ilikuwa dola 3.50, halafu michezo ulilipia kwa kitabu cha tiketi zenye herufi A hadi E. E ilikuwa ya michezo mikubwa, na kitabuni zilikuwa chache. Ulipanga siku yako kwa kuhesabu karatasi.

Mwaka wa 1982 vitabu vikaondolewa, ukawa unalipa mara moja langoni na kupanda chochote. Inasikika kama ukarimu, lakini mchezo ukikosa bei, watu wanaulipia na muda. Laini zikawa ndefu. Mwaka wa 1999 wakaleta FastPass: unaingiza tiketi kwa mashine, unapewa saa ya kurudi, unapita haraka. Bure, kwa kila aliyeingia. Mwaka wa 2021 hiyo huduma ilirudi kwa jina jipya, na ya kulipia, ikianzia dola 15 kwa kichwa kwa siku. Tangu 2024 inaitwa Lightning Lane Multi Pass. Waliolala kwa hoteli zao wanabuki siku 7 kabla, wengine siku 3.

Kwa maoni yangu, ile tiketi ya E ilirudi tu. Tofauti ni kwamba sasa iko kwa simu, na unailipia juu ya kiingilio ambacho kilishapita dola 100 tangu 2015. Kwa hivyo ukipanga, usihesabu michezo. Hesabu masaa, na ujue ni lisaa lipi linastahili kununuliwa.

Kuna sehemu moja inayotugusa sisi moja kwa moja. Ndani ya Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni kinaitwa Harambe. Kuta zimejengwa zionekane kuukuu, sura imeazimwa Lamu, na safari ya wanyama inaitwa Kilimanjaro. Neno lililo kwa ngao yetu ya taifa, likipunguzwa e moja, limekuwa mahali pa kuuziwa vinywaji. Shosho na wenzake walichanga harambee wakajenga shule. Watoto wa anti hawajui Kiswahili, na huenda hapo ndipo watakapolisoma hilo neno mara ya kwanza. Sisemi wasusie. Nimemwomba anti amwache shosho awaambie maana yake kabla wafike langoni.

Mpango wangu ni huu. Bustani tatu, na siku ya tatu ni ya kupumzika. Multi Pass ni ya siku moja pekee, Magic Kingdom. Nitawabukia mimi: saa moja asubuhi ya Florida ni saa nane mchana Nairobi wakati wa kiangazi chao, saa ambayo anti anatoka zamu ya usiku na hawezi kupigana na apu. Animal Kingdom waende mapema kabla jua liwake. Shosho akodishiwe kiti cha magurudumu langoni, hata akikataa.

EPCOT nimeifuta. Kama umewahi kwenda, niambie kama nimekosea bustani ya kufuta.