Ghala la Moshi wa Wengine

Tangu mwaka 1954, bwawa la Owen Falls mjini Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, limezalisha umeme kwa nguvu ya maji ya Mto Naili, bila kuchoma makaa ya mawe. Hata hivyo, Mlima Elgon, ulio juu ya mji wa Mbale, ulifanywa ghala la hewa ya ukaa ya vituo vya umeme vya Uholanzi.

Mwaka 1990 wazalishaji umeme wa Uholanzi waliunda shirika la FACE. Mwaka 1994 likaafikiana na wasimamizi wa hifadhi za Uganda kupanda miti katika hekta 25,000, ili iivute hewa hiyo na kuihifadhi. Lakini mlima ulikuwa umetangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1993, na wakulima wakafukuzwa. Baadaye miti mingi ilikatwa, yakapandwa mahindi. Mwaka 2005 Mahakama Kuu, iliyoketi Mbale, ilitambua kwamba Wabenet ni wenyeji wa asili wa sehemu ya mlima huo.

Norway ilichagua njia nyingine. Tangu mwaka 1996 hewa ya ukaa iliyotenganishwa na gesi asilia imesukumwa ndani ya miamba iliyo chini ya Bahari ya Kaskazini, pasipo shamba la mtu.

Ni dhahiri basi kwamba ghala la moshi, liwe la miti au la miamba, halidumu bila ridhaa ya wenye ardhi. Mti uliopandwa juu ya dhuluma hauna mlinzi.