Mathias Mnyampala: mchunga mifugo wa Ihumwa aliyetupatia ngonjera

Kila zinapokaribia sherehe za kitaifa, uwanja wa shule hapa Makole, Dodoma, hugeuka jukwaa. Watoto hupangwa makundi mawili yakitazamana. Huku anatoka mbishi asiyejua kitu, kule anatoka anayemwelewesha, na kila ubeti unasindikizwa na mikono. Mwaka huu nilisimama pembeni nikawasikiliza hadi mwisho, kisha nikawauliza ni nani aliyeanzisha ngonjera. Mmoja akasema ni mwalimu wao. Mwingine, kwa kujiamini kabisa, akamtaja Shaaban Robert.

Shaaban Robert alikuwa mtu wa Tanga. Mtu ninayemkusudia mimi alizaliwa hapahapa, katika kitongoji cha Muntundya, Ihumwa, safari fupi tu ya daladala kutoka Makole. Jina lake ni Mathias Eugen Mnyampala. Alizaliwa Novemba 1917 na kufariki 1969.

Alikuja duniani wakati mgumu kuliko wote ambao Ugogo, nchi ya Wagogo, inaukumbuka. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katika nchi hii kama nzige. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Walipoondoka wakaja Waingereza, nao wakachukua. Kisha mvua zikakata. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, na hadi ilipokwisha mwaka 1920, kwa makadirio ya watawala wa Kiingereza wenyewe, watu 30,000 kati ya 150,000 walikuwa wamekufa. Ni mtu mmoja katika kila watano. Koo zilitawanyika, watoto wakapelekwa kwa jamaa wa mbali ili wapate kula, na wazee wakazikwa pamoja na yote waliyoyajua. Mwanahistoria Mmarekani Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo kwa kina, ndiye huyohuyo aliyekuja kukitafsiri kitabu cha Mnyampala cha historia ya Wagogo. Nikizisoma kazi zake mbili pamoja, naamini kwamba mtoto aliyelelewa na watu walionusurika Mtunya alijua mapema kuwa habari za watu hufa haraka pasipo mtu wa kuziandika.

Kama watoto wa kiume wa Ugogo, alichunga mifugo kwanza. Kusoma kulikuja kupitia Wakatoliki. Baadaye akawa mwalimu, karani wa kodi, liwali, kisha hakimu.

Kazi za namna hiyo zilimtembeza. Karani wa kodi huingia kila tembe, na hakimu husikiliza kesi za mahari, mipaka na urithi, ambazo ndizo kumbukumbu halisi za koo. Mwaka 1947, katika Ugogo huohuo, Waingereza walileta matrekta Kongwa kung'oa vichaka na mibuyu ili walime karanga. Mradi ule uliwagharimu mamilioni ya pauni na kufikia 1951 ulikuwa umekufa. Kongwa inatajwa hadi leo katika vitabu vya dunia kwa sababu ya karanga zile. Miaka mitatu baada ya matrekta kunyamaza, mwaka 1954, mtoto wa Muntundya alichapisha *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*. Kati ya kazi hizo mbili zilizofanyika katika nchi yetu, najua ipi iliyozaa mavuno.

Aliandika kwa Kiswahili, si kwa Kigogo. Mgogo hakuhitaji kuambiwa ukoo wake umetoka wapi. Aliyehitaji ni Mtanganyika mwingine, ambaye aliijua Dodoma kwa ukame na njaa tu na kuwatania watu wake kuwa ni wa kuombaomba. Ndani ya kitabu kile alikuta watu wenye watemi, wenye taratibu za mvua na ndoa, wenye safari ndefu nyuma yao.

Lakini hicho ni kitabu kimoja tu. Moyo wake ulikuwa katika ushairi, na huko ndiko alikoingia vitani.

Wakati ule, kwa watu wengi wa mwambao, shairi lilikuwa mali ya mwambao. Lilikua ndani ya Uislamu, likaandikwa kwa herufi za Kiarabu, likarithishwa katika familia za Lamu, Mombasa, Pemba na Tanga. Mtu wa bara, tena Mkristo, tena mwenye lugha nyingine ya mama, alionekana mgeni aliyevua viatu mlangoni lakini hajakaribishwa kuketi. Mnyampala hakujibu kwa kuzibomoa kanuni. Alizishika zaidi ya wenyewe. Mizani minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho, beti za mistari minne: diwani yake iliyotoka 1963 haina mstari mlegevu. Kisha akachukua utenzi, chombo ambacho kwa karne nyingi kilibeba habari za Mtume na vita vya Waislamu, akasimulia humo Injili. *Utenzi wa Enjili Takatifu* ulitoka 1963, na *Utenzi wa Zaburi* ukafuata 1965. Hakuna tangazo kubwa kuliko hilo kwamba Kiswahili sasa ni cha wote. Mtafiti Mfaransa Mathieu Roy, aliyeandika tasnifu nzima juu ya Mnyampala mjini Paris, analiweka jambo hili katikati ya maisha yake yote, nami namfuata: mshairi huyu alikuwa akijenga taifa kwa mizani.

Ndipo ikaja ngonjera. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere alikutana na washairi akawataka wautumie ufundi wao kuwaeleza wananchi siasa ya Ujamaa. Mnyampala alikuwa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Alijua kwamba wengi wa wananchi wale hawakuweza kusoma diwani yake hata wangepewa bure. Basi akalitoa shairi kwenye karatasi, akaligawa vinywani. Mmoja anashikilia ujinga wake, mwingine anamjibu ubeti kwa ubeti, hadi yule wa kwanza anakubali. Kanuni zilezile za mizani na vina, lakini sasa zinahifadhiwa kichwani na kutendwa mbele ya watu, kwenye uwanja wa shule au chini ya mbuyu. Mkulima asiyejua herufi anasikia hoja, anacheka, anabishana njiani akirudi nyumbani.

Wahakiki wa baadaye hawakuipenda. Walisema ni kasuku wa chama tawala, kwamba mbishi wake hushindwa kila mara kwa sababu hajapewa hoja ya kweli. Yapo mashiko katika lawama hiyo. Ngonjera nyingi nilizosikia katika maisha yangu mwisho wake ulijulikana tangu ubeti wa kwanza. Ila naona walimdai mzazi deni la watoto. Mnyampala alifariki kabla hajaona hata kitabu chenyewe: *Ngonjera za UKUTA* zilitoka 1970 na 1971. Walioigeuza ngonjera kuwa risala za kumpokea mgeni rasmi ni sisi tuliobaki.

Nyumbani kwake nako kumebadilika. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, ikapandishwa kuwa jiji 2018. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, na magari ya wizara hupita Ihumwa asubuhi na jioni. Na kitabu chake je? Tafsiri ya Kiingereza ya ile historia ya Wagogo ilichapishwa Marekani mwaka 1995, na ndiyo niliyoipata mimi kwa urahisi. Ile ya Kiswahili, iliyoandikwa kwa ajili yetu, niliitafuta katika maduka ya vitabu mjini nikarudi mikono mitupu.

Hatimaye nilionyeshwa nakala na mzee mmoja wa hapa Makole. Ni fotokopi ya fotokopi, imeshonwa kwa uzi wa gunia, kurasa za mwanzo hazipo. Pembezoni mwa habari za koo ameandika kwa penseli majina ya baba yake, babu yake na ndugu zao, akiendeleza pale kitabu kilipoishia. Hakukubali niondoke nayo. Alinivutia kigoda, akaniletea taa, akaniambia nisome hapohapo.