Masaji: namna ya kukanda watu bila kuharibu mukono na mugongo wako

Ku Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, kazi ya kukanda iko na watu wa aina nyingi. Kuko wakinezi wa hospitali na wa vituo vya watu wenye ulemavu, kama vile Heri Kwetu ku Bukavu na Shirika la Umoja ku Goma. Kuko vijana wanaofanya masaji mu saluni na mu hoteli. Kuko pia mama wa kartiye anayekanda wazazi na maji ya moto, ao anayeitwa juu kijana ameteguka muguu kisha mupira. Wote wanatunza mwili wa mwengine, na wengi wanasahau wao pia wako na mwili.

Shida hii si ndogo. Wengi wao hawana mukataba wala CNSS. Siku mukono unakatala kazi, franga za chakula na minervali ya watoto zinakatika siku ileile.

Fasi gani zinaumia?

Ni kidole gumba, kifundo cha mukono, bega, shingo na mugongo wa chini. Kidole gumba ndicho kinateswa zaidi. Mu mwaka 1977, watafiti Cooney na Chao wa Marekani walipima nguvu zinazopita ndani yake. Walikuta kama ukibana kitu kati ya kidole gumba na kidole kingine kwa nguvu ya kilo 1, kiungo cha shina, pale karibu na kifundo, kinaweza kubeba karibu kilo 12. Sasa fikiri mutu anayebonyeza hivyo tangu asubuhi paka magaribi.

Anza na urefu wa meza

Simama wima kando ya meza, mikono ining'inie, kunja ngumi. Kwa watu wengi, meza inafaa kama inagusa vifundo vya ngumi. Mugonjwa akiwa munene, ao kama kazi inaomba kukaza sana, ishushe kidogo ili uzito wako utoke juu. Kama meza haishuke, tafuta kibao imara cha kusimamia.

Hauna meza? Usisimame na kuinama juu ya kitanda kama mwenye kulima na jembe fupi. Tandika godoro ndogo ao mukeka chini, weka kitambaa kinene chini ya magoti, piga magoti ukiyapanua. Kwa muguu ao mukono, kaa ku kiti kidogo na uweke kiungo cha mugonjwa juu ya mapaja yako.

Nguvu itoke mu miguu

Weka muguu mumoja mbele, mwengine nyuma, magoti yalegee kidogo, mugongo unyooke. Wakati wa kukaza, sukuma na muguu wa nyuma, mwili wote uende mbele. Uzito wako ndio unabonyeza, mikono inaupitisha tu. Kifua na miguu viangalie fasi mikono inaenda. Ukitaka kufika mbali, tembea kando ya meza. Kunyoosha mukono na kupinda kiuno ndiko kunaleta maumivu ya mugongo.

Mikono: panga viungo ku mustari

Bega, kiwiko na kifundo vikae karibu ku mustari mumoja. Kifundo kikikunjwa sana wakati wa kukaza, mishipa inayopita ndani inabanwa.

Kwa misuli minene ya mugongo na mapaja, tumia ngumi ao sehemu ya mukono kati ya kiwiko na kifundo. Kiwiko pia kinaweza kusaidia, lakini polepole, na hata siku moja si juu ya uti wa mugongo, mbele ya shingo ao nyuma ya goti. Kidole gumba ukiwekee fasi ndogo tu. Kibaki kimenyooka, na mukono wa pili ukitegemeze kutoka juu. Mafuta pia yawe ya kiasi: yakizidi, mukono unateleza na unalazimika kubana zaidi.

Kuko muteja anayesema kila mara: «Kaza tena!» Anza polepole, musuli upate moto kwanza. Kukaza zaidi si kuponyesha zaidi, na uko na haki ya kumwambia hivyo.

Panga siku yako

Usifuatanishe watu watatu wazito bila kupumzika. Kati ya mutu na mutu, chukua dakika chache: fungua na kufunga vidole, zungusha mabega, kunywa maji. Changanya kazi nzito na nyepesi. Kwa kuhamisha mugonjwa kutoka ku kitanda, ita mutu wa pili.

Alama za kuangalia

Ukisikia ganzi ao sindano usiku mu kidole gumba, cha pili na cha katikati, inawezekana mushipa unabanwa ku kifundo. Maumivu upande wa kidole gumba wakati wa kuinua bido ya maji ao mutoto yanaonyesha mara nyingi kama kano zimevimba. Punguza kazi, badilisha namna ya kukanda, na isipopoa kisha wiki mbili, ona munganga. Kumeza dawa ya maumivu ili uendelee kukaza ni kuficha ugonjwa. Lakini mugongo ukiuma pamoja na miguu kukosa nguvu ao mukojo kukatala kutoka ao kutoka wenyewe, kimbia hospitali siku ileile.

Kila jioni, jiulize nini imechoka. Kama ni mapaja, umefanya kazi vizuri. Kama ni kidole gumba ao kiuno, kesho anza na kupima tena urefu wa meza.