Tana Nyingine

Kule Kitui ukisema Tana, kila mtu anajua ni mto, ule unaopita upande wa Mumoni na Tseikuru kabla haujageuka kwenda pwani. Lakini kuna Tana nyingine. Watu wa Madagaska wamechoka kutamka Antananarivo kila siku, kwa hivyo mji wao mkuu wanauita Tana tu. Na kuna Wakamba waliofika huko mwaka wa 1942, bunduki begani, kitambo sana kabla safari ya Madagaska haijawa kitu cha kuposti.

Tuanze na njia, kwa sababu stori yote iko kwa njia. Mtalii anayeshukia Mahajanga leo, ile bandari ya kaskazini magharibi, hupigwa picha kwanza chini ya mbuyu mkubwa ulio karibu na bahari. Kisha anashika barabara inayoitwa RN4, kama kilomita 570 hadi Tana. Akitoka Tana anafuata RN7 kuelekea kusini: Antsirabe yenye chemchemi za maji moto, Ambositra ya wachonga mbao, Fianarantsoa na mji wake wa kale juu ya kilima, halafu Ambalavao. Ndiyo safari inayopendwa zaidi kisiwani.

Sasa chukua ramani ya vita ya 1942 uiweke juu ya hiyo. Ni njia ileile.

Madagaska ilikuwa koloni la Ufaransa, na baada ya 1940 ilishikwa na watu wa serikali ya Vichy, Wafaransa waliokubali kushirikiana na Wajerumani. Singapore ilipoanguka Februari 1942, Waingereza waliogopa kwamba Wajapani wangekitumia kisiwa hicho kufunga njia ya meli za kwenda India na Misri. Mwezi wa Mei wakaiteka bandari ya Diego Suarez, kaskazini kabisa. Gavana Armand Annet hakukubali kuachilia sehemu iliyobaki. Basi tarehe 10 Septemba Waingereza wakateremka Mahajanga, na waliopewa kazi ya kuingia ndani ya nchi walikuwa askari wa Afrika Mashariki, Brigedi ya 22. Humo mlikuwa na batalioni ya Nyasaland, ya Tanganyika, na ya Tano ya KAR, iliyotoka Kenya.

KAR, au Keya kama wazee wanavyosema, ilikuwa imejaa Wakamba. Mkoloni alikuwa na nadharia yake kwamba makabila mengine yamezaliwa kupigana. Ukweli ni kwamba Ukambani kulikuwa na ukame, kodi, na ardhi iliyominywa. Kitui ilikuwa wilaya yake, na Makueni ilikuwa bado sehemu ya Machakos. Miaka minne tu kabla ya vita hii, 1938, serikali ilianza kunyang'anya watu wa Machakos ng'ombe kwa nguvu, ikisema wanaharibu udongo. Muindi Mbingu aliongoza maelfu wakatembea hadi Nairobi kulalamika. Serikali ililegeza kamba, na sababu moja ni kwamba iliogopa kuwaudhi Wakamba waliokuwa jeshini na polisi. Lakini Mbingu mwenyewe walimfukuzia Lamu. Kwa hivyo Mkamba wa kwanza wa miaka ile kupelekwa kisiwani kwa sababu ya siasa hakwenda kama askari. Alikwenda kama mfungwa.

Hawa wengine walikwenda kwa mshahara. Kilichowapokea kilikuwa udongo mwekundu kama wa nyumbani. Mto Betsiboka wenyewe una rangi ya matofali. Wafaransa walikuwa wamekata daraja lake, lakini sehemu ya katikati ilianguka kwenye maji mafupi na askari wakavuka. Mbele yao barabara ilizibwa kwa mawe na miti iliyoangushwa, kizuizi baada ya kizuizi. Tarehe 23 Septemba wakaingia Tana, mji wa vilima na nyumba ndefu za matofali, jumba la malkia likiwa juu kabisa. Tarehe 2 Oktoba, Antsirabe. Mwisho wa Oktoba, Fianarantsoa. Usiku wa kuamkia Novemba 6 vita ikasimama, mkataba ukiwa umetiwa saini Ambalavao.

Ambalavao inajulikana kwa soko la ng'ombe. Hebu fikiria kijana ambaye boma lao liliachwa tupu mwaka wa 1938 anaishia hapo. Na lugha je? Kimalagasi asili yake ni upande wa Indonesia, lakini kilichukua maneno ya Kibantu: ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, mbwa ni amboa. Ijumaa ni zoma. Mtu aliyefundishwa Kiswahili cha jeshi angeweza kusimama sokoni na kutambua baadhi ya majina ya vilivyokuwa vinauzwa.

Hapo ndipo inaniuma. Upande wa pili wa vile vizuizi hakukuwa na Wafaransa watupu. Wengi waliopewa bunduki na Vichy walikuwa Wamalagasi na Wasenegali. Mwafrika wa Mwingereza alimpiga risasi Mwafrika wa Mfaransa, wakigombania kisiwa ambacho hakuna kati yao angekimiliki. Kilipotekwa hakikurudishiwa wenyewe. Waingereza walikikabidhi kwa Wafaransa wa Jenerali de Gaulle. Wamalagasi walipoinuka Machi 1947 kudai nchi yao, Ufaransa iliwaua kwa maelfu. Na askari wetu walirudi kwenye Kenya ileile ya kipande shingoni.

Tunawakumbuka vipi? Picha nyingi za safari ile zilipigwa na Waingereza, na mara nyingi maelezo chini yake husema tu "askari wa Afrika". Lakini ukiwa kwa matatu ya Ngong Road, unapita makaburi ya vita ya Nairobi. Mle ndani kuna ukuta wa kumbukumbu wenye majina ya waliokufa Madagaska, miongoni mwa vita nyingine, bila kaburi linalojulikana. Kuingia ni bure. Soma majina polepole; huenda mengine yakafanana na ya darasa lenu la shule ya msingi.

Waliorudi hawako ukutani. Hao walibaki Mwingi, Mutomo, Wote na Kibwezi, na walichoona Tana walikisimulia jioni, wakizeeka. Wajukuu wao bado wapo. Ukienda ushago Desemba hii, kabla hujafungua simu kuonyesha picha zako, uliza kama kuna mzee wa hiyo boma aliyewahi kuwa Keya, na alifika wapi.