Mtawala, Msimamizi, Kabidhi: Istilahi za Unix na Historia ya Ruhusa katika Garissa

1. Utangulizi

Uundaji wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejadiliwa kwa kawaida kama suala la ulinganifu: neno la Kiingereza huwekwa upande mmoja, na la Kiswahili hutafutwa upande wa pili. Kwa njia hiyo yamepatikana maneno kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa chombo kimoja, na nywila ikashindana na neno siri. Lakini istilahi hizi ni za aina mbili. Zipo zinazotaja vyombo, na zipo zinazotaja mamlaka, yaani nani anaweza kufanya nini, na kwa idhini ya nani. Za kwanza zikikosewa, msomaji hukwama kwa muda tu. Za pili zikikosewa, uhusiano baina ya watu ndio unaopotoshwa.

Makala haya yanachunguza istilahi za aina ya pili kama zinavyojitokeza katika usimamizi wa mifumo ya Unix, na kuzilinganisha na historia ya maneno hayo hayo katika Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu maalumu. Ukiacha kingo za Mto Tana, wanakoishi Wapokomo na Wamunyoyaya, lugha ya nyumbani ya wakazi wengi ni Kisomali. Kiswahili kilienea huko kwa kiasi kikubwa pamoja na serikali, askari na biashara. Wasomali wa Somalia wamewapa ndugu zao wa Kenya lakabu ya "sijui", neno walilolichukua katika Kiswahili chenyewe. Kwa hiyo mahali hapo maneno kama ruhusa, kibali na leseni hayakusikika kwanza katika ushairi wala katika barua za mapenzi. Yalisikika mbele ya meza ya karani.

2. Ruhusa katika mfumo wa Unix

Unix ilianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara za Bell nchini Marekani. Ilikusudiwa kuwawezesha watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja, na penye wengi hapakosi mipaka. Kila faili hupewa mwenyewe. Kisha hupewa kikundi. Na watu wote waliobaki huitwa wengine. Kwa kila tabaka kati ya haya matatu hutajwa ruhusa tatu: kusoma, kuandika na kutekeleza. Juu ya wote yupo mtumiaji mmoja aitwaye root, yaani mzizi, ambaye vizuizi hivyo havimfungi. Yeye hufungua faili ya yeyote, hufuta jina la yeyote, na huweza kubadili mwenyewe wa kitu chochote.

Yafaa ikumbukwe kwamba mashine haimjui mtu. Inachokijua ni namba aliyopewa mtu, na ruhusa huambatanishwa na namba hiyo. Ikiwa namba imekosewa, mtu anaweza kuwapo mbele ya mashine akiwa na haki zake zote, na bado mashine ikamkana.

Mamlaka yasiyo na mpaka ya mzizi yaliwatia wataalamu wasiwasi tangu mapema. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walieleza kanuni kwamba kila mtumiaji na kila programu ipewe ruhusa zile tu inazohitaji kwa kazi yake. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza jinsi nywila zinavyohifadhiwa baada ya kugeuzwa, kiasi kwamba hata msimamizi hawezi kuzisoma kama zilivyoandikwa na wenyewe. Kuanzia mwaka 1980 ikatumika programu ya sudo, iliyotungwa katika chuo kikuu cha jimbo la New York huko Buffalo. Kwa programu hiyo mtu huazimwa sehemu ya mamlaka ya mzizi kwa kazi maalumu, na tendo lake linaweza kuandikwa katika kumbukumbu pamoja na jina lake na saa aliyolitenda. Novemba 1988 mnyoo uliotungwa na Robert Tappan Morris, mwana wa Robert Morris aliyetajwa, ulisambaa katika maelfu ya mashine za Unix kwa kupitia kasoro za programu na nywila dhaifu. Tangu hapo usalama wa mitandao haukuweza tena kuhesabiwa kuwa jambo la kuaminiana tu.

Kwa ufupi, historia ya usimamizi wa Unix ni historia ya kumpunguzia mwenye nguvu zote nguvu zake, na kumdai aache nyayo kila apitapo.

3. Ruhusa katika Kaskazini Mashariki

Neno ruhusa limetoka katika Kiarabu. Kisomali nacho kimelipokea neno hilo kwa njia yake, kikaliita ruqsad. Hali kadhalika idhini ya Kiswahili na idan ya Kisomali ni ndugu. Katika elimu ya fikihi, ambayo Wasomali wa Garissa wanaifahamu tangu madrasa, rukhsa ni tahafifu anayopewa mwenye dhiki: msafiri huruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, na mgonjwa kadhalika. Kiswahili kimepata neno rahisi katika mzizi huo huo wa Kiarabu. Asili ya ruhusa, basi, ni kumrahisishia mtu mambo.

Utawala wa kikoloni uliligeuza neno hili. Sheria ya mwaka 1902 iliiwezesha serikali kuzifunga wilaya za pembezoni, na Sheria ya Wilaya Maalumu ya mwaka 1934 ikazidi kubana nyendo za watu katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Kuingia kulihitaji kibali, na kutoka vile vile. Kwingineko nchini, sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba karatasi yenye alama za vidole, wengi wakiivaa shingoni ndani ya kikebe. Neno kipande, ambalo maana yake ni sehemu iliyokatwa, hadi leo hutumiwa na Wakenya kwa kitambulisho.

Uhuru haukuufuta mpaka huo. Hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo Desemba 1963, vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967, na sheria za dharura zikadumu hadi mwaka 1991. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyowazuia waathiriwa kudai fidia kwa matendo ya maofisa katika vita hivyo. Novemba 1989 Wasomali wote wa Kenya waliotimiza umri wa miaka 18 walitakiwa kujitokeza wachujwe, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida. Kwa istilahi za Unix, raia hao waliwekwa katika tabaka la wengine ndani ya nchi yao, ilhali ofisa aliyewahukumu alikuwa na mamlaka ya mzizi yasiyoandikwa katika kumbukumbu yoyote waliyoweza kuisoma.

4. Leseni

Neno leseni lina tatizo la namna nyingine. Katika Kiswahili cha kila siku leseni ni karatasi ya serikali: ya kuendesha gari, ya kufungua duka, ya kuuza mifugo. Hulipiwa, huwa na mwisho wake, na asiyekuwa nayo hukamatwa. Leseni ya programu haitoki serikalini. Hutolewa na mwenye hakimiliki, na hueleza yale anayomkubalia mtu mwingine ayafanye na kazi yake.

Unix yenyewe ilienea kwa sababu ya leseni. Mapatano ya mwaka 1956 baina ya kampuni ya AT&T na serikali ya Marekani yaliizuia kampuni hiyo kufanya biashara nje ya simu; kwa hiyo vyuo vikuu vilipewa Unix pamoja na matini chanzo yake kwa ada ndogo. Leseni ya toleo la saba, mwaka 1979, ilikataza matini hayo kufundishwa darasani. Na baada ya kampuni kugawanywa mwaka 1984, Unix ikawa bidhaa ya kuuzwa. Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, na mwaka 1989 akatoa leseni inayompa kila mpokeaji haki ya kutumia, kusoma, kubadili na kugawa programu, kwa sharti kwamba anayeigawa asimnyime mwenzake haki hizo. Linus Torvalds alianzisha Linux huko Helsinki mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyo. Leseni huria za namna hiyo ndizo zilizowezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004 pasipo kubisha hodi kwa yeyote.

Leseni ya namna hii haina karani, haina tarehe ya mwisho, na humfuata mtu popote aendapo. Kwa msomaji wa Garissa, aliyezoea leseni kuwa mlango uliofungwa, neno linamwambia kinyume cha jambo lenyewe. Rukhsa ya fikihi iko karibu zaidi na maana hiyo kuliko leseni ya ofisini.

5. Waliosajiliwa mara mbili

Umuhimu wa maneno haya unaonekana wazi katika tukio moja la Garissa. Kambi za Dadaab zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi wa vita vya Somalia. Raia wengi wa Kenya walioishi karibu nazo, wakibanwa na ukame na ufukara, walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula, matibabu au shule. Wengi wao walikuwa watoto walioandikishwa na wazazi. Baadaye alama za vidole zikaingizwa katika hifadhidata. Walipotimiza miaka 18 na kuomba kitambulisho cha taifa, vidole vyao vilitambuliwa kuwa vya wakimbizi, na maombi yakakataliwa. Mashirika ya haki yamekadiria kwamba walioathiriwa wanafika 40,000.

Asiye na kitambulisho nchini Kenya hawezi kujiandikisha kupiga kura, kufungua akaunti ya benki, wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Na kila kizuizi cha barabarani kinampa hofu. Yote hayo yametokana na safu moja ya data. Kiufundi, kufuta safu hiyo ni kazi ya dakika chache. Kilichokosekana kwa miaka ni mtu mwenye ruhusa ya kuifuta ambaye pia ana wajibu wa kumjibu aliyeandikwa. Katika Unix, mwenyewe wa faili ndiye huamua nani aisome na nani aiandike. Katika hifadhidata ya wakimbizi, mwenye vidole hakuwa mwenyewe wa kumbukumbu ya vidole vyake.

Hali imeanza kubadilika kwa njia ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mhusika haki ya kutaka data za uongo au za kupotosha zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe. Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo mpya wa Huduma Namba usiendelezwe kabla ya kuwekewa taratibu za kisheria zinazofaa. Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa uchujaji wa ziada uliokuwa ukiwapata waombaji wa kitambulisho wa eneo hilo. Tangazo ni jambo moja, na safu iliyomo katika hifadhidata ni jambo jingine. Ya pili haifutwi na ya kwanza mpaka msimamizi wake atende.

6. Maneno matatu

Swali la istilahi sasa linaweza kuulizwa barabara. Neno moja la Kiingereza linalomtaja mwenye dhamana ya mfumo huwa na njia tatu katika Kiswahili. Njia ya kwanza ni mtawala. Kenya ilikuwa na utawala wa mikoa, na bado ina polisi wa utawala. Katika Kaskazini Mashariki neno hili halihitaji kufasiriwa. Njia ya pili ni msimamizi, ambalo ndilo limekubalika zaidi katika kompyuta. Neno hili lina nyuso mbili: upande mmoja yupo msimamizi wa kazi, jirani wa nyapara, upande wa pili yupo msimamizi wa mirathi, ambaye hushika mali isiyo yake, huigawa kwa wenyewe, na hutoa hesabu mbele ya mahakama. Njia ya tatu ni kabidhi, yaani aliyepewa amana. Tanzania inaye Kabidhi Wasii Mkuu, na Wikipedia ya Kiswahili imewaita wasimamizi wake wakabidhi.

Si lazima neno msimamizi liondolewe, kwani limeshazoeleka. Inayohitaji kurekebishwa ni fasili yake. Kamusi za istilahi zinazomwelezea msimamizi wa mfumo kuwa mtu mwenye uwezo wote zinamwelezea mzizi wa mwaka 1969, kabla ya sudo, kabla ya kanuni ya 1975, na kabla ya kumbukumbu za matendo. Fasili iliyo sahihi kiufundi ni ile inayomweka kando ya msimamizi wa mirathi na kabidhi: mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine, aliyepewa uwezo kwa kiasi cha kazi yake, na anayedaiwa hesabu.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba istilahi za mamlaka haziingii katika lugha zikiwa tupu. Ruhusa, leseni na usimamizi yalikuwa na historia Garissa kabla ya waya wa kwanza wa mtandao kufika huko, na historia hiyo ndiyo msomaji anayoileta anapoyasoma katika kompyuta. Mtunga istilahi hawezi kuifuta. Anachoweza ni kuchagua, kati ya maana ambazo lugha inazo tayari, ile inayomlinda aliyeandikwa pamoja na anayeandika. Kiswahili kinazo maana hizo: rukhsa iliyo tahafifu, mirathi yenye wenyewe, na amana isiyoliwa. Mwalimu wa lugha anayefasili msimamizi kwa maana hizo atakuwa amempa mwombaji wa Garissa neno la kudaia haki yake mbele ya meza ile ile alikolisikia kwanza neno ruhusa.