Leza, jino na nyuzi 5.5

Majuzi daktari wa meno aliniambia kwamba uozo umefika kwenye kiini cha jino la binti yangu, ile nyama laini ya ndani yenye damu na neva. Alipendekeza kukikata sehemu ya juu kwa leza. Mimi ni mtu wa kompyuta, kwa hiyo kabla ya kukubali nilitaka kujua chombo hiki kilitoka wapi.

Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, ya yakuti, kule California Mei 1960. Mwaka 1965 Leon Goldman, daktari wa ngozi, alielekeza mwali wa yakuti kwenye jino la ndugu yake Bernard, ambaye ndiye aliyekuwa daktari wa meno! Bernard hakusikia maumivu, na jino liliumia juu juu tu. Ungedhani keekee imepata mrithi.

Lakini mwaka huo huo Zach na Cohen walipasha meno ya tumbili kwa chuma cha kulehemu. Joto la kiini lilipopanda kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi, asilimia 15 hivi ya meno hayakupona. Kwa nyuzi 11 ikawa asilimia 60. Hapo ndipo yakuti ilipokwama: ili ikate jino, ilitoa joto la kuunguza kiini.

Dawa haikuwa kuongeza nguvu, bali kuchagua mwanga. Mwaka 1985, Shoji na wenzake huko Japani walijaribu leza ya CO2, inayofunga mishipa midogo ya damu, kwenye viini vya meno ya mbwa. Kisha ikaja Er:YAG ya nanomita 2,940. Maji huufyonza mwanga wake upesi sana, hivyo nguvu huishia juu juu. Marekani iliiruhusu kwa kukata meno mwaka 1997.

Basi nikarudi na maswali yangu: leza gani, nguvu kiasi gani, mapigo ya mwanga ni mafupi, maji ya kupoza yapo? Daktari alijibu yote, kisha akacheka. "Umesahau mawili, baba. Kiini kilichobaki kiko hai? Na jino litazibwa vizuri bakteria wasirudi? Kiini kikishakufa, hakuna mwanga wa kukifufua."

Alipokata, damu ilikoma baada ya dakika chache. Hiyo ni dalili njema. Eksirei ni baada ya miezi sita, nitawajuza.